Msiisingizie Bando Kifo cha Diski

Peleka kompyuta kwa fundi, diski ionekane imekwisha, na swali la kwanza mara nyingi litakuwa: "Unapakua sana?" Nani atasema hapakui? Basi kesi inafungwa hapo hapo. Wenye vibanda vya kuingizia watu muvi na nyimbo kwenye flashi wanaijua hukumu hiyo, na vijana wanaokatazwa kuacha kompyuta ikipakua usiku, wakati bando ni la bei nafuu, wanaijua pia. Hoja zinazotolewa hazilingani uzito. Nyingine ni hewa tupu, moja ina ukweli wa kutosha wa kumtia mtu wasiwasi.

"Kichwa kinakwangua sahani kila kinapoandika." Hii ni picha ya santuri, ambako sindano kweli inagusa. Ndani ya hadi diski, kichwa cha kusoma na kuandika hakigusi kitu. Sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika kwenye laptopu nyingi, 7,200 kwenye kompyuta nyingi za mezani, na hewa inayoburutwa nayo hukibeba kichwa kikaelea nanomita chache juu ya uso wake. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kuandika ni kugeuza usumaku wa vipunje vidogo sana, kazi ambayo haiimegi sahani hata chembe. Ukingo wa sahani ya kompyuta ya mezani hupita chini ya kichwa kwa mwendo unaozidi kilomita 100 kwa saa. Vingekuwa vinagusana, diski isingemaliza wiki. Siku vinapogusana kweli, kwa kawaida ni kwa sababu laptopu imeanguka au imegongwa huku ikifanya kazi, na mlio wake hausahauliki: tak, tak, tak, halafu kimya.

"Haipumziki, lazima ichoke." Lakini sahani inazunguka muda wote kompyuta inapotumika, upakue usipakue. Intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde inaleta megabaiti 2.5 kila sekunde, ilhali hadi diski ya kawaida inamudu kuandika zaidi ya 100 kwa muda huo huo. Na mapumziko nayo yana gharama yake. Kila kichwa kinapoegeshwa na kurudishwa kazini, diski inapunguza akiba yake ya mizunguko, ambayo watengenezaji wengi huitaja kuwa 300,000 au 600,000. Ile inayolala na kuamka kila baada ya sekunde chache inaila akiba hiyo haraka kuliko ile iliyokesha ikipakua.

Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa ripoti juu ya diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kwenye seva zao. Walitarajia zile zenye kazi nyingi zife mapema. Uhusiano waliouona ulikuwa dhaifu kuliko walivyodhani, ukajitokeza waziwazi kwa diski changa sana na kwa zile kongwe tu. Ni kweli kwamba watengenezaji huweka kiwango cha kazi, na kwa diski za mezani utakuta terabaiti 55 kwa mwaka. Anayepakua gigabaiti 10 kila siku hafikishi hata terabaiti 4.

Sasa twende kwenye hoja yenye nyama: "SSD inakufa kwa kuandikwa." Ni kweli, inakufa. SSD haina sahani wala kichwa. Data ni chaji ya umeme iliyofungiwa ndani ya seli, na kila unapofuta na kuandika upya, elektroni hupenyezwa kwenye utando mwembamba wa kuhami, nao huchakaa kidogo kidogo. Ndiyo maana watengenezaji hutaja kiasi cha kuandikwa wanachokidhamini. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 250, kwa mfano, imepewa terabaiti 150. Piga hesabu: gigabaiti 10 kwa siku ni terabaiti 3.65 kwa mwaka, kwa hiyo ungehitaji miaka 41 kuimaliza dhamana hiyo kwa kupakua peke yake. Kompyuta yenyewe itakuwa imetupwa zamani. Na namba hiyo ni ya dhamana tu. Kuanzia 2013, tovuti ya The Tech Report ya Marekani iliziandikia SSD sita za watumiaji wa kawaida mfululizo hadi zife, na zote zilivuka terabaiti 700. Mbili zilipita 2,000.

Lakini anayejaza laini ya megabiti 20 mchana na usiku bila kusita anashusha gigabaiti 216 kwa siku, na huyo ataila dhamana ile ya terabaiti 150 chini ya miaka miwili. Kuna pia laptopu za bei ya chini zenye hifadhi ya gigabaiti 32 au 64 iliyochomelewa kwenye ubao. Seli ni chache, hivyo zile zile zinaandikwa tena na tena, na ikiwa imejaa hadi pomoni, kifaa kinalazimika kuhamisha data ya zamani kabla ya kupokea mpya. Mwenye laptopu ya aina hiyo ana haki ya kuwa na hofu. Apakulie kwenye diski ya nje.

"Tatizo si kupakua, ni torenti." Mfumo wa BitTorrent, ulioanzishwa na Bram Cohen mwaka 2001, huleta faili vipande vipande bila mpangilio, na kichwa cha hadi diski kinaweza kuruka huku na huko. Programu nyingi hulipunguza hilo kwa kukusanya vipande kwenye RAM kwanza. Faili likitawanyika, kompyuta inakuwa nzito, diski haijaumia. Kuwagawia wengine vipande hivyo ni kusoma, na kusoma karibu hakuichoshi SSD.

"Mbona yangu ilikufa nikiwa napakua?" Kwa sababu kupakua ndiko kunakoifikisha diski kwenye sehemu ambazo haijawahi kuzigusa, na sekta mbovu (kipande kidogo cha diski kilichoharibika) iliyojificha huko inagunduliwa siku hiyo. Au umeme ulikatika katikati ya kuandika, kompyuta ya mezani haina UPS, mfumo wa mafaili ukavurugika. Hapo mara nyingi diski ni nzima, ila fundi mwenye haraka atakuambia ununue nyingine.

Kuna njia ya kujua. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo huonyesha kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe: saa ilizofanya kazi, sekta zilizohamishwa, zinazosubiri kuhamishwa, na kwa SSD nyingi, jumla ya data iliyoandikwa. Ile ripoti ya 2007 iliona kwamba diski ikishapata kosa la kwanza la ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 zaidi ya diski isiyo na kosa hilo. Sekta zilizohamishwa zikianza kuongezeka, nakili mafaili yako leo leo. Na fundi akisema diski imekufa kwa kupakua, ilhali bado inasomeka, mwombe afungue programu hiyo mbele yako kabla hujatoa pesa.