Maumivu ya Hedhi Si Maigizo

Saa kumi na nusu alfajiri, baridi ya Nyamira ikiwa bado imeng'ang'ania mabati, kengele ya bweni hulia. Wasichana hutoka vitandani mbio kuwahi maji. Mmoja haamki. Amejikunja kwenye kitanda cha chini, magoti yamegusa kifua, sweta ameikaza tumboni, na kijasho kinamtoka licha ya baridi. Kiranja anampigia kelele. Matroni anamuuliza kama ameanza tena maigizo yake. Hatimaye anajikokota hadi prepu, analaza kichwa juu ya dawati, na jina lake linaingia kwenye orodha ya waliolala darasani.

Hatumnyooshei kidole mkuu wa shule yoyote. Lakini aliyesoma bweni anamjua msichana huyu, au alikuwa yeye. Sironga, hapa Nyamira, inatajika kote nchini kwa sababu ya shule yake ya wasichana, na Gusii nzima, Kisii na Nyamira, imejaa mabweni ya mabinti. Ndiyo maana tunapiga mbiu tukiwa hapa, muhula wa tatu ukiwa ndio kwanza umeanza: msongo wa mawazo huzidisha maumivu ya hedhi, na hakuna muhula unaoleta msongo kama huu.

Hilo si dhana ya akina mama wapole. Mwaka 2004, watafiti waliowafuatilia wanawake 388 wa viwanda vya nguo vya Anqing, China, walieleza walichokiona. Mwanamke aliyepitia mwezi wa msongo mkubwa alikabiliwa na hatari zaidi ya maradufu ya kuumwa katika hedhi iliyofuata, akilinganishwa na mwenzake aliyekuwa na utulivu. Hedhi iliyofuata, si ile ya siku hizo hizo za taabu. Maana yake ni kwamba hofu ya Septemba inaweza kuja kumkunja msichana Oktoba.

Uchungu wenyewe una chanzo kinachojulikana. Siku zinapofika, mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya ujikaze ili kusukuma damu nje. Zikizidi, misuli hujibana mpaka inakosa oksijeni ya kutosha, na hapo ndipo tumbo, kiuno na mapaja huwaka. Wengine hutapika na kuharisha. Mwili ulioishi kwa hofu huvuruga homoni zake, hulala vibaya, na hauwezi kustahimili uchungu kama uliopumzika.

Sasa tazama anavyoishi mtahiniwa wetu wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Analala usiku wa manane na kuamka kabla ya jogoo. Alama zake zimebandikwa ukutani. Pengine amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo mwezi wa Septemba, wakati mzazi anayechuma majani chai bado anaisubiri bonasi ya Oktoba. Kisha tunashangaa akijikunja.

Tangu 2017, sheria ya elimu inaitaka serikali kuwapa wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Ni sheria njema, ingawa utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Lakini sodo hupokea damu tu, haitulizi tumbo. Wala haiondoi fedheha. Septemba 2019, katika kaunti jirani ya Bomet, msichana wa miaka 14 alijitoa uhai baada ya kudaiwa kuaibishwa darasani kwa sababu ya hedhi. Tulilia, tukaandamana, tukasahau.

Nafuu ipo, tena si ya gharama kubwa. Joto ndilo la kwanza. Utafiti wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba joto la nyuzi 39 hivi likikaa tumboni hutuliza sawa na ibuprofeni. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, isije ikaunguza ngozi, inatosha kabisa. Ibuprofeni au asidi mefenamiki nazo husaidia zaidi zikimezwa maumivu yanapoanza, kwa kipimo cha mhudumu wa afya na baada ya kula. Uji wa wimbi utafaa. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu asizimeze kabla ya kumuuliza mhudumu huyo. Kutembea na kunyoosha viungo mwezi mzima hupunguza uchungu, kwa hiyo kufuta vipindi vya michezo ili kuongeza masomo ni hasara mara mbili. Na usingizi, jamani. Hakuna kidonge kinachoweza kuziba pengo la saa nne za kulala.

Hata hivyo, lawama zote zisitupiwe msongo. Maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, yanayokuja hata nje ya siku zake, au yanayomtoa binti darasani kila mwezi, yanataka daktari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa ana endometriosisi, ugonjwa ambao mara nyingi hugunduliwa baada ya miaka mingi ya kuambiwa "vumilia, utazaa yaishe". Mzazi ampeleke Hospitali ya Rufaa ya Nyamira au ile ya Kisii, na asikubali kurudishwa na neno hilo.

KCSE huanza kwa mitihani ya vitendo na kuendelea hadi Novemba. Kwa hesabu ya wale wanawake wa Anqing, mwezi utakaoamua uchungu wa mtahiniwa ni huu tulio nao. Tunawataka wakuu wa shule waanze wiki hii. Kengele ya alfajiri isogezwe mbele. Thamosi ya maji ya moto ikae sanatoria usiku kucha, na ufunguo wa kabati la dawa usiondoke na mtu aliyekwenda kulala kwake. Na ile orodha ya waliolala darasani ishikwe na mwalimu atakayemuuliza kwanza msichana kama anaumwa.