Mwaka 1863 Hautoshi Gairo

Mijadala mingi ya urithi na maendeleo nchini huanza Kilwa na kuishia Mji Mkongwe, kana kwamba pasipo na ukuta wa mawe hapakuishi watu. Toleo hili la jarida limepelekwa Gairo makusudi: wilaya iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, yenye mji unaotanuka kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Nani atayakuta Ukaguru, nchi ya Wakaguru ilimo Gairo? Huko watu walijenga kwa miti na udongo. Walichoacha ni makaburi ya wazee wa ukoo, vilima na miti ya tambiko, ambako ukoo wenye nchi ulitambikia mvua. Ni kweli waziri anaweza kutangaza mahali popote pa kihistoria kuwa pa kulindwa. Anayetegemea hatua za serikali kuu aitazame Mamboya, jirani upande wa Kilosa: tangu 2006 imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, pamoja na vituo vingine vya njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji. Orodha ingali ya awali.

Makaburi angalau yana sheria yake ya kuyahamisha, ya 1969. Mti wa tambiko je? Mthamini anajua kufidia mwembe.

Kinga iliyo karibu zaidi imo mikononi mwa wanakijiji wenyewe, nayo haitajwi kwenye makongamano kwa kuwa haina mvuto wa kimataifa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji huandaa mpango wa matumizi ya ardhi na mkutano mkuu huupitisha. Kilima kikitengwa humo, mwekezaji hukuta mpaka umekwisha kuchorwa. Lakini eneo likishatangazwa la mipango miji, kauli huhamia kwa mamlaka ya upangaji, na mkutano mkuu hubaki kutoa maoni tu.

Katika toleo hili kuna pia makala kuhusu pango la Kolero huko Uluguru, na nyingine ya Lamu, ambako mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliona kuwa mradi wa bandari umevunja haki ya utamaduni. Ile ya reli ya kisasa ni fupi. Reli yenyewe ilipita Kilosa, si Gairo.

Wajumbe wa halmashauri za vijiji vya Gairo waanze na ukurasa wa ramani wa toleo hili, kabla bikoni za wapimaji hazijasimikwa.