Maji Maangavu, Meno ya Kahawia

Wengi wetu wa pwani tunao mabinti walioolewa Nakuru, na tukiwazuru twahuzunishwa na meno ya wajukuu: yana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Si uchafu. Ni floridi, madini yatokayo katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuyeyuka katika maji ya visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita; visima vingi vya huko hupita hapo.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi hubaki, tena huzidi kukolea. Mchanga na mkaa wa kuni haviizuii. Kinachoinasa ni mkaa wa mifupa, na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeeneza vichujio vyake huko.

Hapa tuna la kuuliza. Katika madhehebu ya Shafi, mfupa wa mzoga ni najisi. Basi muuzaji aulizwe mifupa imetoka wapi, na sheikh aulizwe hukumu. Tena chujio huchoka huku maji yakibaki maangavu vilevile, hivyo yapimwe.

Asiyetulia moyo na akinge mvua, ambayo haina floridi ya kudhuru, aichemshe, na aanze na watoto wasiofika miaka 8, ambao meno yao ya ukubwani yangali yakiumbika. Maji ya kisima yabaki ya kufulia na kutawadhia.