KANGOMBA IMEINGIA KWENYE VIDEO

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wenye kufuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu wa Masasi na Newala, hivi karibuni, baada ya darsa ya Maghrib, alitujia kijana mmoja akiwa na karatasi, akatuomba tuisome kabla hajatia saini. Kijana huyu hurekodi video za kufundisha kilimo cha korosho: namna ya kupogolea mikorosho, kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, na kuchambua korosho kabla ya kuzipeleka Chama cha Msingi. Kisha huziweka YouTube. Mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kumpa shilingi 1,200,000 anunue kamera na kompyuta. Kwa upande wake, kijana angempa nusu ya kila kinachoingia kwa miaka mitatu. Na iwapo mwaka mmoja ungekwisha bila mtaji kurejea, ungelipwa kwa korosho za shamba la mama yake.

Hapana shaka wengi wetu hatujui fedha hizi hutoka wapi, hivyo tueleze kwa ufupi. Mwenye kuweka video za kawaida YouTube haanzi kupata mgao wa matangazo mpaka watu 1,000 wajiandikishe kumfuatilia, na video zake zitazamwe kwa jumla ya saa 4,000 ndani ya miezi 12. Akishakubaliwa, hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayowekwa katika video hizo, na kampuni hubaki na asilimia 45. Malipo huhesabiwa kwa dola, wala hayatolewi mpaka yafikie dola 100. Basi miezi mingi yaweza kupita mkono ukiwa mtupu, ilhali bando limenunuliwa na umeme umelipiwa.

Kwa sababu hiyo vijana hutafuta wenye mitaji. Jambo hili halikuanzia kwetu. Huko Marekani kampuni iitwayo Spotter, iliyoanzishwa mwaka 2019, humpa mwenye video fedha nyingi kwa mkupuo, nayo huchukua mapato ya matangazo ya video zake kwa miaka watakayokubaliana. Wenyewe huuita uwekezaji. Sisi wa nchi ya korosho tunalo jina la zamani zaidi.

Nani kati yetu asiyeijua kangomba? Mkulima ana mgonjwa, au mtoto anadaiwa ada, na mikorosho ndiyo kwanza imechanua. Mlanguzi humjia na noti mkononi, akanunua kwa bei ya kutupa korosho ambazo bado ni maua. Msimu unapofika na minada kuanza, kama ule wa Oktoba 2024 ambapo bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, mwenye shamba hubaki akihesabu magunia yasiyo yake. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kupevuka kwake, kama ilivyopokewa na Ibn Umar (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Na katika mapokezi ya Anas (r.a.) limo swali zito: iwapo Allah ameyazuia matunda hayo, mtu ataihalalisha vipi mali ya ndugu yake?

Mapato ya video ambayo hayajapatikana ni maua ya mikorosho. Bali jambo lake ni zito zaidi, kwani korosho ni bidhaa, ama hapa kinachouzwa ni fedha ya kesho kwa fedha ya leo, bila kujulikana kiasi chake. Fedha kwa fedha, kwa kucheleweshwa na kwa tofauti, ni mlango wa riba. Na kutojulikana kiasi ni gharar. Yamekutana makatazo mawili katika karatasi moja.

Huenda mtu akasema: mfanyabiashara yule hakununua, bali ameshirikiana naye. Ushirika ungekuwa jambo jema, lakini tuitazame ile dhamana ya shamba. Imam Malik katika Muwatta amesimulia habari za watoto wawili wa Umar (r.a.), waliokopeshwa mali ya Hazina na Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kule Basra, wakanunulia bidhaa na kupata faida Madina. Umar (r.a.) alipoitaka mali na faida yote, Ubaydullah alimjibu kuwa mali ile ingepotea, wao ndio wangelipa. Ndipo ikashauriwa ifanywe qiradh, yaani mudharaba, na Hazina ikachukua mtaji na nusu ya faida. Hoja ya Ubaydullah ndiyo tunayoihitaji leo: anayebeba hasara ndiye mwenye haki ya faida. Ikiwa kijana na mama yake ndio watakaobeba hasara yote, mwenye fedha anastahiki nusu kwa lipi? Hilo ni deni lenye nyongeza, hata likiitwa ushirika.

Njia za halali hazikufungwa. Mwenye uwezo na akopeshe bila nyongeza, na malipo yake yako kwa Allah (S.W.). Au anunue kamera iwe yake, amkodishe kijana kwa kodi inayojulikana. Au wafanye mudharaba ya kweli: hesabu itolewe mbele ya mashahidi, gharama ziondolewe, mtaji urudi kwanza, kisha faida igawanywe kwa sehemu waliyoafikiana. Ikitokea hasara bila uzembe wala hiana, mwenye mali apoteze mali, na mtendaji apoteze jasho lake. Na yaandikwe, kama tulivyoamrishwa kuandika madeni katika Suratul Baqarah, aya ya 282. Vijana nao wakumbuke kuwa mgao wa halali hauisafishi video ya haramu. Mwenye chaneli amepewa nafasi ya kuzuia baadhi ya aina za matangazo. Aitumie kuyazuia ya kamari na mengine ya haramu kadiri awezavyo.

Tulimwita mfanyabiashara yule, tukakaa naye. Si mtu mbaya. Aliogopa tu kupoteza. Alipoelewa kuwa hasara ni yake, akapunguza mtaji hadi shilingi 600,000, na kompyuta ikabidi isubiri. Baadhi waliona kijana amepunjwa. Sisi tunaona amesalimika, kwani shamba la mama yake limetoka katika hati, na mwenye mtaji sasa ana sababu ya kumuombea dua.

Basi maimamu na wazee, msione haya kuziomba karatasi hizi na kuzisoma kabla hazijatiwa saini. Mikorosho iliyopandwa na babu zetu isiondoke kwa sababu ya kamera.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake na atuepushe na haramu yake. Amin.