Kiswahili Kinatahiniwa Kibubu

Mwalimu atakaye maswali ya zamani ya K.C.S.E. hana haja tena ya kuzunguka madukani. Yamejaa tele kwenye intaneti pamoja na miongozo ya kusahihishia. Siyabezi. Lakini kwa upande wa Kiswahili, shehena hiyo aghalabu ni maandishi matupu, na lawama si ya walioiweka huko. Mtihani wenyewe ndivyo ulivyo: Insha alama 40, Lugha 80, Fasihi 80. Kusema na kusikiliza havina hata alama moja. Isimujamii, taaluma inayohusu lugha vinywani mwa watu, hutengewa alama 10, nazo hutafutwa kwa kalamu!

La ajabu ni kwamba katika mtihani uo huo, mtahiniwa wa Kifaransa husikilizishwa kanda, kisha huketi ana kwa ana na mtahini wakazungumza. Je, lugha ya taifa ina dhambi gani?

Najua nitajibiwa kwamba watahiniwa wa Kifaransa ni wachache, ilhali Kiswahili ni cha lazima kwa wote. Hoja hiyo ina uzito kuhusu kusema. Kuhusu kusikiliza haina, maana kanda moja hutosha ukumbi mzima.

Waliofanya K.C.P.E. ya mwisho mwaka 2023 ndio watakaofunga K.C.S.E. ya 8-4-4 mwaka 2027. Baraza la Mitihani lisiurithishe mtaala mpya ububu huu. Na lianze sasa kuweka mtandaoni kanda za mazoezi, zenye sauti za Mombasa, Lamu na hata bara, walimu wazichukue bila malipo.