Bima ya gari Bukavu: karatasi ya kuonyesha polisi haitoshi

Kijana anayeanza udereva mjini Bukavu hutafuta bima ya bei ya chini, na mara nyingi anachotaka ni karatasi ya kuonyesha polisi wa barabarani pale Nyawera. Lakini bima ambayo sheria inalazimisha ni kwa ajili ya mtu mwingine: mama wa soko anayegongwa kule Kadutu. Gari la dereva mwenyewe halimo.

Kwa karibu miaka 50 SONAS iliuza bima peke yake nchini. Sheria ya Machi 2015 ilifungua soko, na tangu 2019 kampuni za binafsi zilianza kupewa ruhusa. Ni vema. Ila dereva wa teksi anayempelekea mwenye gari versement kila jioni hasaidiwi na wingi wa kampuni. Angesaidiwa na kulipa kidogo kidogo, kila mwezi.

Tangu Februari 2025 mji uko mikononi mwa AFC/M23, na mamlaka inayosimamia bima iko Kinshasa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, kijana aulize kwanza: akigonga mtu kesho, nani atamlipa majeruhi huyo, na katika ofisi gani hapa Bukavu?