Kujipima si Kujipa Alama

Kozi ya uzamili ikiisha, hojaji hugawiwa: "Ninaweza kutathmini hatari ya mafuriko. Chagua 1 hadi 5." Mwanafunzi huzungushia 4, wastani hutolewa, na chuo hutangaza kwamba wanafunzi wamejifunza. Makala haya yanaikataa hesabu hiyo, ila hayakatai kujipima.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwaka 2006 jarida la tiba la JAMA lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu madaktari waliojipima na kupimwa na wengine. Kati ya milinganisho 20, 13 ilionyesha uhusiano hafifu, au haukuwapo kabisa, au ulikwenda kinyume. Na hao ni madaktari, si wanafunzi.

Hata hivyo, kujipendelea ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni kwamba anayejifunza hubadilika, na kipimo chake hubadilika naye. Mwanafunzi wa mipango miji anaingia Jangwani, Dar es Salaam, akijua Mto Msimbazi unapita wapi na Barabara ya Morogoro hufungwa wapi maji yakijaa. Anajipa 4. Akishazunguka mitaani anagundua kwamba alama ya tope ukutani haisemi iliachwa na mvua ya Desemba 2011 au ya miaka ya karibuni. Kwamba nyumba mbili zilizopakana hazifuriki sawa, maana mwenye nyumba mmoja kainua kizingiti na mwingine mtaro wake umezibwa na taka. Sasa anajipa 3. Kwenye ripoti ameporomoka, kumbe ndiye aliyejifunza.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mwishoni aulizwe: kwa unayoyajua leo, ulipoanza ulikuwa wapi? Pili, aulizwe kazi, si hisia: akadirie maji yatafika wapi katika nyumba fulani na aseme ana uhakika kiasi gani, kisha mwenye nyumba na msimamizi wamsahihishe. Njia ipo: kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na cha Dar es Salaam walichora ramani za mitaa pamoja na wakazi.

Lakini hakuna atakayejiandikia 2 akijua itamfuata hadi kwenye cheti. Kwa hiyo majibu hayo yabaki kati ya mwanafunzi na msimamizi wake. Chuo kikitaka kuthibitisha ubora wake, kipime kazi zilizofanyika.